Nilifumua kitambaa cha zambarau kwenye koti la injinia wa meli, nikajikuta ndani ya historia ya tepe za maafisa wa manowari za Uingereza

Fundi wa Kibokoni (mleta uzi)

Assalaam aleikum wakuu, na habari zenu nyote mlio humu.

Mimi ni fundi cherehani, Mji wa Kale, Mombasa. Kazi nimerithi kwa baba, naye kwa babu. Riziki yangu siku hizi ni kanzu, suti za harusi, na mara mojamoja sare za mabaharia wanaoshuka Kilindini. Mwezi uliopita kaja bwana mmoja, injinia wa pili wa meli ya mizigo, na koti lake kwapani. Mikononi lina tepe tatu za dhahabu, chumvi imeshazila zimeingia ukijani. "Fundi, nibadilishie tepe, tunang'oa nanga keshokutwa." Basi, hakuongeza neno.

Nikakaa na kiwembe nikafumua. Baina ya tepe na tepe nikakuta kitambaa cha zambarau kimechakaa, nyuzi zinachomoza. Nikajua hii ni bitana imetokeza, fundi aliyenitangulia hakuwa msafi. Nikaking'oa chote, nikapiga brashi, nikashona tepe tatu mpya zikakaa kama zimepigwa rula. Nikajipa hongera.

Mwenyewe alipokuja alilitazama koti, akanitazama mimi, akasema: "Fundi, umenihamisha idara."

Kumbe ile zambarau ndiyo inayosema mtu huyu ni wa mashine. Tepe tatu bila zambarau, kwenye meli yao, ni afisa mkuu wa sitaha, yaani msaidizi wa kwanza wa nahodha. Nikaomba radhi, akacheka, akaniachia koti hadi kesho yake. Usiku ule sikulala. Nikawa najiuliza nani aliyeamua mtu wa injini avae zambarau, na kwa nini wa sitaha havai kitu. Nimesoma wiki tatu. Ninachowaletea hapa kinahusu jeshi la majini la Uingereza enzi za dola lao, kwa sababu huko ndiko zambarau ilikotokea, na meli za biashara ziliiga.

Naanza mwanzo. Mwenye haraka aruke.

Mpaka miaka ya 1740 afisa wa manowari ya Kiingereza alivaa alichotaka. Mwenye pesa alivaa pesa zake. Wenzao wa nchi kavu wana sare, wao hawana, wakiingia kwenye hafla hawajulikani ni maafisa au wafanyabiashara. Ni maafisa wenyewe walioomba wapewe sare, na mwaka 1748 wakapewa: koti la buluu na vipande vyeupe. Kuna kisa kwamba Mfalme George II alichagua rangi hizo baada ya kumwona mke wa Duke wa Bedford amepanda farasi kavaa buluu na nyeupe. Mume wa mama huyo alikuwa mkuu wa wizara ya majini hadi mapema mwaka huo, kwa hiyo kisa kina utamu, ila mimi nakiweka kapu moja na visa vya barazani.

Angalieni waliopewa: maadmirali, makapteni, maluteni, na vijana wanafunzi wa uafisa. Daktari wa meli alisubiri mpaka 1805 kupata sare yake mwenyewe. Baharia wa kawaida, yule anayepanda mlingoti kwenye dhoruba, alisubiri mpaka 1857. Miaka 109 baada ya bwana mkubwa.

Mwaka 1830 akaja Mfalme William IV, ambaye ujana wake aliutumia manowarini, akaamua ile nyeupe ya kwenye kola na mikono iwe nyekundu. Ikawa nyekundu hadi 1843, ikarudi nyeupe. Mafundi wa wakati ule walikula mara mbili, Mungu awarehemu.

---

Kijana wa Nondo

Fundi nimeweka kiti na kahawa. Ila Nelson usimruke.

---

Fundi wa Kibokoni

Nelson, yule admirali mashuhuri wa Waingereza, simruki, maana koti lake lipo mpaka leo, kwenye jumba la makumbusho la majini kule Greenwich. Ni koti alilovaa kwenye vita vya baharini vya Trafalgar tarehe 21 Oktoba 1805, siku aliyouawa. Mkono wa kulia hakuwa nao, aliupoteza Tenerife mwaka 1797, kwa hiyo ule mkono wa koti ulibanwa kifuani. Upande wa kushoto zimedariziwa nyota nne za nishani zake, na moja ni ya Hilali, aliyopewa na Sultani wa Waturuki. Admirali wa Kiingereza ana mwezi mwandamo kifuani! Watu husema nyota zile ndizo zilizomponza zikamwonyesha kwa mdunguaji wa Kifaransa. Mimi sijui mdunguaji aliona nini katika moshi ule wa mizinga. Ninachojua ni tundu: liko begani kushoto.

Na hapa ndipo nilipoachia sindano nikakaa kimya. Daktari wa meli, William Beatty, alipoitoa ile risasi mwilini, ilitoka na vipande vya utepe wa dhahabu na pamba ya pambo la bega vimeganda juu yake. Risasi hiyo imehifadhiwa kwenye kasri la kifalme la Windsor, na uzi wa dhahabu bado umeishika. Kazi ya fundi iliingia na risasi mpaka ndani ya mwili.

Sasa tepe. Zama za Nelson cheo kilisomwa mabegani, kwenye mapambo yenye vishada vya nyuzi za dhahabu, na kwenye wingi wa dhahabu ya kotini. Tepe za mkononi kwa maafisa wote, tunazozijua leo, zilikuja 1856. Utepe wa juu ukapewa kitanzi, duara dogo juu ya mstari. Wapo watakaowaambia kitanzi ni ukumbusho wa Nelson. Nelson alikufa 1805. Piga hesabu mwenyewe.

Mpangilio uliotulia baadaye ni huu, wenye picha za maafisa mfungue mlinganishe: luteni mdogo utepe mmoja, luteni mbili, kamanda tatu, kapteni nne. Utepe wa kawaida una upana wa milimita 14. Luteni aliyekaa na cheo chake miaka minane alianza mwaka 1877 kuongezewa utepe mwembamba katikati ya zile mbili, na 1914 hicho kikawa cheo kamili, luteni kamanda. Maadmirali wana utepe mpana, milimita 45 hivi, na juu yake tepe za kawaida kuanzia moja mpaka nne.

Tahadhari kwa mnaochanganya: kapteni wa manowari si kapteni wa nchi kavu. Kapteni wa maji analingana na kanali. Luteni wa maji ndiye analingana na kapteni wa jeshi. Nimeshaona watu wanabishana mkahawani hadi vikombe vikamwagika, na wote wawili wako sahihi.

---

Injinia Mstaafu

Mleta uzi nakupongeza, lakini hapo kwenye zambarau nikusaidie. Sisi tulifundishwa chuoni kwamba zambarau ni heshima ya mainjinia wa Titanic. Walibaki chini kuhakikisha taa zinawaka, wakafa wote, Mfalme George V akatoa amri mainjinia wavae zambarau, rangi ya kifalme. Hilo halina ubishi.

---

Fundi wa Kibokoni

Shikamoo mzee wangu. Kwamba mainjinia wa Titanic walikufa wote ni kweli tupu, hakuna hata mmoja wao aliyeokoka Aprili 1912. Lakini zambarau ilikuwepo kwenye manowari tangu 1863. Mwaka huo ndio uliotolewa utaratibu wa rangi baina ya tepe: daktari nyekundu, mlipa mishahara nyeupe, injinia zambarau. Miaka 49 kabla ya Titanic. Mzee, waliokufa mle hawapungukiwi heshima kwa sababu rangi ilikuwepo kabla yao.

Na ukiniuliza, nia ya ile rangi haikuwa heshima hata kidogo. Ilikuwa ni kumtenga mtu.

Injini za mvuke zilipoingia manowarini, akaingia na mtu anayezijua. Anatoka karakana, mikono ina grisi, baba yake hana shamba wala jina. Sasa mtu huyu anakaa meza moja na watoto wa mabwana? Meli haiendi bila yeye, lakini kuamrisha haruhusiwi. Wakampa tepe, wakatia zambarau katikati, na kitanzi wakamnyima. Afisa wa sitaha: dhahabu juu ya nguo ya buluu iliyokolea, kitanzi juu. Injinia, daktari, mlipaji: rangi katikati, utepe wa juu umenyooka tu. Ukimwona mtu kwa mbali unajua kama ni wa kuamrisha au wa kuitwa.

Nitawaeleza jambo ambalo lazima ushike sindano ndiyo ulijue. Utepe ulionyooka hata mwanafunzi wangu wa miezi mitatu anaushona. Unapima kutoka ukingo wa mkono wa koti, unapiga chaki, unashikiza, unashona pande mbili, kwisha. Kitanzi ndicho kinachokutoa jasho. Utepe wa dhahabu umefumwa kwa nyuzi za madini, haujui kunyumbulika kama pamba. Ukiukunja duara, ukingo wa nje unavutika na wa ndani unajikusanya mikunjo. Inabidi upitishe uzi kwenye ukingo wa ndani, uuvute taratibu, ugawe ile mikunjo kwa kucha mpaka isionekane. Ukivuta kwa pupa unakatika. Ukipiga pasi juu yake bila kitambaa cha kukinga, umeuua. Kitanzi kimoja kizuri kinakula muda kuliko tepe nne. Na hicho ndicho walichonyimana kwa zaidi ya nusu karne.

---

Binti wa Likoni

Fundi unaandika kama unashona. Kwa hiyo walikipata lini?

---

Fundi wa Kibokoni

Kwa vipande, dada yangu. Mwaka 1902 walipitisha mpango kwamba vijana wa sitaha na wa injini wafundishwe pamoja tangu utotoni. Mwaka 1915, vita vimepamba moto, mainjinia wakapewa kitanzi, zambarau wakabaki nayo. 1918 na wengine wote, madaktari na walipaji, wakapata. Ungedhani yamekwisha. 1925 wakubwa wakageuka, wakawarudisha mainjinia kundi la pembeni. Kitanzi hawakunyang'anywa, ila wenyewe wakauita usaliti mkubwa, na jina hilo limebaki.

Rangi ziliondolewa katikati ya miaka ya 1950. Nyekundu ya daktari ikabaki, na rangi ya chungwa ya daktari wa meno, kwa sababu mganga si mpiganaji na katika vita inafaa ajulikane. Zambarau ikatoka manowarini. Meli za biashara ndizo zilizobaki nayo, ndiyo maana ikafika mezani kwangu Kibokoni nami nikaitupa kwenye ndoo.

---

Binti wa Likoni

Na wanawake?

---

Fundi wa Kibokoni

Kikosi chao kilianzishwa 1917, kikavunjwa baada ya vita, kikarudi 1939. Maafisa wao walivaa tepe za buluu, si dhahabu, na mahali pa kitanzi waliwekewa umbo la almasi. Dhahabu waliipata miaka ya 1990, walipoingizwa moja kwa moja jeshini pamoja na wanaume.

Na wengine walifika hapa kwetu. Mwaka 1942 Wajapani walipoishambulia Ceylon, Sri Lanka ya leo, meli za Kiingereza za Mashariki chini ya Admirali James Somerville zilihamia Kilindini. Wavunja misimbo yao, yaani wafumbuzi wa ujumbe wa siri wa adui, waliwekwa shule ya Allidina Visram, na wanawake wa kikosi hicho walikuwa miongoni mwao. Wengi tunapita pale kila siku.

Hapo naomba niingize la nyumbani kwetu. Babu aliacha kopo la biskuti limejaa masalio: vifungo vyenye nanga, ncha za tepe, pambo la kofia limepasuka. Utotoni nilikuwa nalichezea. Mle ndani kuna kipande cha utepe wa dhahabu, urefu wa shubiri, kimekunjwa mawimbi, juu chini juu chini kama maji. Miaka yote nikiamini ni kazi iliyoharibika, babu kaificha kwa aibu.

Wiki mbili zilizopita ndipo nilipojua. Zile ni tepe za maafisa wa akiba wa kujitolea, kikosi cha tangu 1903: mawakili, walimu, makarani, watu waliokuwa na kazi zao mjini na bahari kwao ni mapenzi. Walivaa mawimbi ili wasidhaniwe kuwa wa kudumu. Kulikuwa na akiba ya pili, ya tangu 1859, ya maafisa wa meli za biashara, ambao ni mabaharia hasa. Wao walivaa tepe mbili nyembambanyembamba zilizosukana kama mkufu. Waingereza wenyewe walikuwa na utani: wa kudumu ni waungwana wanaojaribu kuwa mabaharia, wa meli za biashara ni mabaharia wanaojaribu kuwa waungwana, na wa kujitolea si hili wala lile wanajaribu yote mawili.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokolea, wa mawimbi ndio waliojaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wote wakapewa tepe zilizonyooka. Kipande cha babu nimekitoa koponi, nimekipiga pini ukutani juu ya cherehani. Babu, nisamehe.

---

Mpinga Kila Kitu

Sasa haya yote ya wakoloni yanatusaidia nini? Tuna yetu ya kujadili.

---

Fundi wa Kibokoni

Mkuu, ya kwetu yamo humuhumu. Neno manowari lenyewe tumelichukua kwao tukalivisha kanzu. Na wao neno admirali wamelitoa kwa Waarabu, ni amiri, yule yule wa amiri jeshi. Kuna jeshi dogo la majini la Afrika Mashariki lililokuwa na makao hapa Mombasa, 1953 hadi 1962. Jeshi la majini la Kenya likazinduliwa 12 Desemba 1964. Nenda siku ya gwaride, tazama mkono wa afisa wake. Utepe wa juu una kitanzi. Sasa mtu wa kujiuliza kitanzi kile kimetoka wapi si wewe na mimi?

---

Mwana wa Ujiji

Wakuu, huku ziwani tunalo letu. Yule Mwingereza aliyevaa sketi.

Geoffrey Spicer-Simson. Mwaka 1915 walimtuma na boti mbili, moja jina lake "Mimi" na nyingine "Toutou", zikaletwa kwa meli hadi Cape Town, kisha reli, kisha zikaburutwa nchi kavu milimani Katanga hadi Ziwa Tanganyika, kwenda kupambana na boti za Wajerumani. Tarehe 26 Desemba 1915 wakaiteka Kingani, Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Bwana mwenyewe kachanjwa chale za picha mwili mzima na anavaa sketi ya kaki. Waholoholo wa upande wa Kongo wakampa jina: Bwana Chifunga Tumbo.

---

Fundi wa Kibokoni

Hahaha, Ujiji mmenimaliza! Chifunga Tumbo, yaani kifunga tumbo. Jina hilo limetolewa na mtu aliyetazama nguo, si cheo.

Na uongeze hili: alipandisha kambini kwake bendera ya vaisi admirali. Cheo chake kilikuwa kamanda, tena wa muda. Kamanda ana tepe tatu. Vaisi admirali ana utepe mpana na mbili juu yake. Sketi naweza kumsamehe, joto la ziwani nalijua. Bendera ile ndiyo nisingemshonea.

---

Injinia Mstaafu

Fundi, hilo la 1863 nimelitafuta, nimelikuta. Miaka arobaini nimewasimulia vijana Titanic. Haya. Lakini hujamaliza: koti la yule bwana uliishia vipi nalo?

---

Fundi wa Kibokoni

Mzee, tatizo lilikuwa ni kuipata hiyo zambarau. Dukani nilikuwa na masalio ya satini, gauni za wasimamizi wa bibi harusi. Nikaijaribu, inang'aa kuliko dhahabu, mtu angeingia chumba cha mashine kama anakwenda kuolewa. Nikafunga duka saa nne asubuhi nikazunguka Biashara Street mlango kwa mlango na kile kitambaa kikuukuu nilichokiokota kwenye ndoo, nalinganisha. Duka la saba wakatoa kipande cha sufi nzito, kimebaki mwisho wa jora, rangi ileile. Kinatosha mikono miwili na kinazidi vidole vinne.

Nikafumua tepe zangu nzuri zote. Nikalaza zambarau kwanza, nikarudisha dhahabu juu yake, nikimaliza na taa. Alfajiri kaja, kavaa, kainua mikono akaitazama mbele ya kioo, akanilipa mara mbili, moja nikamrudishia.

---

Kijana wa Nondo

Fundi mimi naoa Desemba. Nikileta koti jeusi unanitilia tepe nne na kitanzi? Bei gani?

---

Fundi wa Kibokoni

Kwa harusi nitakutilia, gwarideni usinitaje. Tepe nne zilizonyooka nitakutajia bei sasa hivi inboksi. Kitanzi tutaelewana ukifika, na usije Ijumaa.